London Marathon: Wacha Saa, Angalia Pembeni

Kila Aprili kuna Jumapili moja ambayo Kenya nzima inageuka kocha. Jamaa ambaye akikimbilia matatu anashika mbavu atakuambia, tena kwa uhakika, ati yule kijana ameanza mbio sana na ataishiwa pumzi kilomita ya 35. Tunaangalia saa, tunaangalia nani ako mbele, utepe ukikatwa tunaposti bendera, halafu tunarudi kwa ugali. Njia yenyewe hakuna mtu huicheki. Inakaa tu kama ukuta nyuma ya mkimbiaji.

Leo nataka tuiangalie hiyo njia. London Marathon inafuata mto Thames kutoka upande wa mashariki hadi mlangoni kwa mfalme, na kama wewe ni Mkenya, hizo kilomita 42 na mita 195 zina mambo yako mengi kuliko vitabu tulivyokaririshwa shuleni. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usinitafutie digrii. Lakini ramani na tarehe hazifichwi na mtu. Na ukiziweka pamoja unaona kwamba, karne nyingi kabla ya mtu kuvaa namba kifuani, kuna umati uliteremka kutoka hapo mahali pa kuanzia hadi mjini, na hawakuwa wanariadha. Walikuwa watu waliochoshwa na kodi.

Mbio zinaanza Blackheath, uwanja mpana wa nyasi juu ya kilima, karibu na bustani ya Greenwich. Kila mtu aliyekimbia pale atakupa ushauri mmoja: sehemu kubwa ya kilomita tano za kwanza ni mteremko, jizuie. Watu hawajizuii, halafu wanalia mbele.

Tarehe 12 Juni 1381 uwanja huo ulijaa wakulima na mafundi kutoka Kent. Ili uelewe hasira yao lazima urudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1348 tauni iliingia Uingereza na kuua watu wengi mno, hadi wafanyakazi wakawa wachache. Wafanyakazi wakiwa wachache mshahara unapanda, si ndio? Wenye mashamba wakakataa. Mwaka wa 1351 wakapitisha sheria ya kuufunga mshahara ubaki ulivyokuwa kabla ya tauni. Juu ya hiyo kukawa na vita na Ufaransa ambavyo havikuwa vinaisha, na vita ni pesa. Serikali ya mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, ikaleta kodi ya kichwa mara ya tatu ndani ya miaka minne. Ile ya kwanza ilikuwa peni nne. Hii ya tatu ilikuwa peni 12, shilingi nzima, kwa kichwa. Watu wakaanza kuficha majina ya ndugu zao, pesa ikakosekana, na watoza kodi wakatumwa vijijini kuhesabu upya. Hapo ndipo mambo yalilipuka.

Kiongozi wao aliitwa Wat Tyler. Walikuwa na padri pia, John Ball, ambaye waasi walimtoa jela, na pale Blackheath aliwauliza swali ambalo sidhani limezeeka: kama sisi wote tulitoka kwa Adamu na Hawa, hawa mabwana walitoka wapi?

Ukiisoma hiyo hadithi na ulikuwa Nairobi Juni 2024, mwili unasisimka. Ni mwezi ule ule. Kodi iliyokuja juu ya kodi zingine, watu ambao serikali ilidhani hawajui kujipanga, halafu barabara zikajaa. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bunge, siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi Mswada wa Fedha. Na kuna vijana wa rika letu ambao hawakurudi nyumbani. Miaka 643 iko katikati na sitajifanya ni kitu kimoja. Lakini usiniambie ati hasira ya kodi ni ujeuri wa watoto wa intaneti.

Tena kuna kitu kinaniuma zaidi. Hawa hawa Waingereza, ambao watu wao wenyewe waliandamana kwa sababu ya kodi ya kichwa, walipofika kwetu walileta nini? Mwaka wa 1901 kodi ya nyumba, na miaka michache baadaye kodi ya kichwa kwa wanaume ambao hawakuwa na nyumba ya kutozwa. Ilikuwa njia ya kumlazimisha mtu aende kufanya kazi kwa shamba la mzungu, juu pesa ya kulipa angeipata wapi kwingine? Walijua vizuri sana hiyo kodi inafanya nini kwa maskini.

Basi, Wat Tyler na watu wake wakateremka kuelekea mjini tarehe 13 Juni. Waache waende, tutawapata kilomita ya 36.

Woolwich ni hapo kilomita ya tano au ya sita. Mashabiki wa Arsenal simameni wima. Hapa ndipo timu yenu ilianza, mwaka wa 1886, ikianzishwa na wafanyakazi wa Royal Arsenal, kiwanda cha serikali cha silaha. Ule mzinga kwa nembo mnayovaa kila wikendi sio urembo. Ni kazi waliyokuwa wakifanya hao watu kutoka Jumatatu: mizinga na risasi za jeshi la dola ya Uingereza. Wakati timu ilikuwa changa, hilo jeshi na maofisa wake walikuwa tayari wako kwetu. Wanandi walipigana nao kutoka miaka ya 1890 hadi tarehe 19 Oktoba 1905, siku ambayo Richard Meinertzhagen, kijana wa familia ya mabenki ya London, alimpiga risasi Koitalel arap Samoei kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Shikilia jina hilo, Koitalel. Tutalihitaji mwishoni.

Kutoka Woolwich unageuka kurudi magharibi na bila kujua unavuka mstari wa Greenwich, ule wa digrii sifuri. Mwaka wa 1884 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Washington wakakubaliana dunia nzima ihesabu kutoka hapo. Kutoka Kenya hakuna aliyeulizwa. Lakini angalia venye Mswahili alikataa kimyakimya: hadi leo jua likichomoza sisi tunaanza kuhesabu, saa moja asubuhi, Greenwich iseme itakavyo. Kilomita ya kumi iko meli ya Cutty Sark, iliyojengwa 1869 kukimbiza chai kutoka Uchina. Mwaka ule ule Mfereji wa Suez ukafunguliwa, meli za mvuke zikachukua njia ya mkato na biashara ya chai ikaihama. Hapo umati ni mnene na barabara ni nyembamba, kwa hivyo usijaribu kupita watu.

Deptford wengi hawaikumbuki hata wakishaikimbia. Mwaka wa 1762, Olaudah Equiano alifika hapo na meli ya kivita aliyokuwa ameitumikia miaka kadhaa akidhani sasa ameshaupata uhuru wake. Bwana wake akamlazimisha kuingia kwa mashua, wakateremka mto hadi Gravesend, akauzwa kwa nahodha mwingine na kupelekwa Karibi. Baadaye alijinunua mwenyewe, na 1789 akachapisha kitabu cha maisha yake ambacho kiliwasumbua sana wenye biashara ya watumwa.

Sasa Tower Bridge, karibu kilomita ya 20. Kila mkimbiaji anakuambia kelele ya hapo inakuinua miguu hadi unasahau umechoka, na ndio maana wengi huharibu mbio hapo. Daraja lilifunguliwa 1894, mwaka ule ule Waingereza walitangaza Uganda kuwa himaya yao. Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu.

Ukishuka daraja, mkono wa kulia kuna mahali panaitwa St Katharine Docks. Siku hizi ni mashua za matajiri na mikahawa. Katikati kuna jengo la miaka ya 1850 lenye mnara wa saa, na jina lake ni Ivory House. Kwa lugha yetu, Nyumba ya Pembe. Ilikuwa ghala, na pembe za ndovu ni kati ya vitu vilivyowekwa humo. Sasa fikiria safari ya pembe moja tu. Ndovu anauawa bara. Pembe inabebwa begani, wiki baada ya wiki, na wapagazi. Wanyamwezi walizibeba hadi Bagamoyo. Huku kwetu Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa hiyo barabara, wakizipeleka Mombasa, na mfanyabiashara wao mkubwa alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye 1849 ndiye alimpokea mmishonari Krapf kule Kitui hadi Krapf akauona Mlima Kenya. Kutoka pwani pembe inavuka hadi Zanzibar, soko kubwa kabisa la pembe wakati huo. Zingine zinapitia Bombay, zingine Marekani, zingine zinaletwa hapa Thames. Halafu zinakatwa kuwa funguo za piano, mipira ya biliadi, vitana na mipini ya visu. Mtu wa London anacheza piano sebuleni, na hajawahi kusikia neno Kitui.

Sisemi babu zetu walikuwa malaika kwa hiyo biashara. Kivoi alikuwa tajiri, na pwani kulikuwa na watu waliouza pembe na binadamu kwa msafara mmoja. Lakini faida kubwa ilikaa wapi? Jengo bado limesimama, na ndani sasa kuna nyumba za watu wenye doh zao.

Baada ya hapo unaingia barabara inayoitwa The Highway, na hapa kuna kitu kitamu. Wewe uko kilomita ya 21 unaenda, na upande wa pili wa barabara wako wale walio kilomita ya 35 wanarudi. Mnaangaliana. Ukiwa mwendo wa pole unaona sura za watu ambao wako karibu kumaliza, na inakuuma.

Kisha unazunguka Isle of Dogs, sehemu ngumu kuliko zote. Upepo kutoka mtoni, mashabiki wachache kwa vipande fulani, na majengo marefu ya Canary Wharf yanavuruga saa yako ya setilaiti hadi inasema umekimbia kama duma. Iwache hiyo saa, fuata mabango.

Hiyo Canary Wharf imekaa juu ya West India Docks. Bandari hizo zilifunguliwa 1802 kupokea sukari na ramu kutoka Karibi, na mmoja wa walioanzisha mradi ni Robert Milligan, mwenye mashamba Jamaica. Alipokufa 1809 alikuwa anamiliki watu 526. Watu, sio ng'ombe. Na unajua kwa nini bandari zilizungushiwa ukuta mrefu? Wenye sukari walilalamika ati vibarua wanawaibia. Manze. Sanamu ya Milligan ilisimama hapo hadi tarehe 9 Juni 2020, ikang'olewa wakati watu walikuwa barabarani kwa sababu ya George Floyd.

Bandari zikafa. Makontena yalihitaji meli kubwa na maji ya kina, West India Docks ikafungwa 1980, na maelfu ya vibarua wakabaki bila kazi. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Machi 1981, London Marathon ikakimbiwa kwa mara ya kwanza, kwa mvua, ikipita kwenye hizo bandari zilizoachwa. Zaidi ya watu 6,000 walimaliza. Mmarekani Dick Beardsley na Mnorwei Inge Simonsen walivuka mstari wakiwa wameshikana mikono. Kwa wanawake alishinda Joyce Smith, mama wa miaka 43, kwa 2:29:57. Aliyeanzisha mbio hizo ni Chris Brasher pamoja na rafiki yake John Disley, baada ya kukimbia New York 1979 na kuona mji mzima ukishangilia watu usiowajua. Miezi michache baada ya mbio za kwanza serikali ikaunda shirika la kuzigeuza hizo bandari kuwa mtaa wa mabenki, na kufikia 1991 mnara mrefu wa Canary Wharf ulikuwa umesimama. Wenyeji waliuliza hizo kazi mpya ni za nani. Sisi pia tunalijua hilo swali kila tukiona jengo la vioo likiinuka kando ya mtaa ambao hauna maji.

Wakenya walianza kuitawala hiyo njia na Douglas Wakiihuri, 1989. Tangu hapo orodha ni ndefu hadi inachosha: Tegla Loroupe 2000, Martin Lel mara tatu, Sammy Wanjiru 2009, Mary Keitany mara tatu. Na Kelvin Kiptum, 2023, ambaye alikimbia nusu ya pili kwa dakika 59 na sekunde 45 na kumaliza kwa 2:01:25. Februari 2024 akafa kwa ajali ya barabarani karibu na Kaptagat, akiwa na miaka 24. Nikipita hapo kwa ramani huwa nanyamaza kidogo.

Kilomita ya 36, mnara wa Tower of London. Tuwapate watu wetu wa Blackheath. Tarehe 14 Juni 1381, mfalme kijana alipokuwa anakutana na waasi wa Essex kule Mile End, akiwaahidi uhuru na barua zenye muhuri, kundi lingine liliingia ndani ya Tower. Wakamtoa Simon Sudbury, askofu mkuu aliyekuwa pia waziri mkuu wa mfalme, na Robert Hales, waziri wa fedha. Wakawakata vichwa. Siku moja kabla walikuwa wamechoma kasri la Savoy la John wa Gaunt, ami yake mfalme, huku wakikatazana kuiba chochote. Kasri hilo lilikuwa hapo kando ya mto, na leo pana hoteli ya jina hilo. Wakimbiaji wanaipita upande wa kulia wakiwa wamebakisha kilomita chache tu.

Tarehe 15 Juni Tyler aliitwa kuzungumza na mfalme pale Smithfield. Meya wa London akamdunga kwa upanga. Umati ukaambiwa urudi nyumbani, kila kitu kitatimizwa. Wakarudi. Zile barua zote zikafutwa na msako ukaanza, John Ball akanyongwa. Kama kuna sehemu moja ya historia hii ningemwomba kila msee wa rika langu aisome mara mbili, ni hizo wiki mbili baada ya watu kurudi nyumbani.

Kipande cha mwisho kando ya mto kinaitwa Embankment, na hapo chini ya miguu yako kuna mtaro mkubwa wa maji taka. Katikati ya karne ya 19 Thames ilikuwa choo. Kipindupindu kiliua maelfu ya watu, wengi wao maskini, na Bunge likajadili na kuahirisha. Kisha kiangazi cha 1858 harufu ikaingia ndani ya Bunge lenyewe, ambalo limejengwa mtoni. Mapazia yakalowekwa dawa na bado hawakuweza kupumua. Sheria ilipitishwa kwa siku 18. Injinia Joseph Bazalgette akajenga mitaro, na Embankment ikafunguliwa 1870. Uchafu wenyewe walikwenda kuumwaga mashariki, kule kuelekea kwa maskini. Mwaka wa 1878 meli ya abiria ilizama hapo karibu na Woolwich, ndani ya hayo maji, wakafa zaidi ya watu 600. Na hata baada ya hayo yote, 1957 wanasayansi walisema mto umekufa. Sasa una samaki na sili.

Nairobi tuna mto pia. Jina la mji lenyewe ni la Kimaasai, maji baridi. John Michuki akiwa waziri wa mazingira alionyesha kwamba unaweza kusafishwa, na ukienda bustani yenye jina lake karibu na Globe utaona kipande kinachopendeza. Halafu tembea uteremke hadi Mukuru. Mafuriko ya 2024 yalipokuja, waliokaa kando ya mto walipoteza nyumba, na kisha serikali ikaja na matingatinga kumaliza zilizobaki. Marathoni ya mji wetu tangu 2022 imekimbiwa juu ya Expressway, hewani, ambapo huoni mto na hunusi chochote. Ningependa sana ikimbiwe kando ya Mto Nairobi, mwaka mmoja tu, na waheshimiwa wakae kwa viti vya mbele siku nzima.

Baada ya Big Ben unakata kulia, unapita kando ya bustani, unatokea mbele ya Buckingham Palace. Ule umbali wa marathoni dunia nzima, hata ukikimbia Eldoret, ulitoka kwa hawa watu: Olimpiki ya 1908 ilianzia kasri la Windsor na kumalizikia mbele ya kiti cha familia ya kifalme uwanjani, maili 26 na yadi 385, na 1921 ikawa sheria ya kila mahali. Hizo yadi za mwisho leo zinaishia barabara ya The Mall. Eliud Kipchoge, kijana wa Kapsisiywa, Nandi, amezimaliza akiwa wa kwanza mara nne: 2015, 2016, 2018 na 2019. Fimbo za Koitalel zilirudishwa Kenya 2006 na mwanawe Meinertzhagen. Fuvu la kichwa chake, ambalo jamaa zake wanaamini lilipelekwa Uingereza, bado wanalidai.

Mbio za wanaume kwa kawaida huanza kama saa tano na nusu asubuhi saa zetu, juu Aprili wao wamesogeza saa mbele. Wanawake huwa wameshaondoka nusu saa kabla. Kamera ya helikopta ikifika darajani, tafuta ule mnara wa saa upande wa kulia.